Jimu ya ngumi ya Manzese, riviu yangu baada ya miezi nane

Niwaambie mapema hii jimu haina kibao, haina ukurasa popote, na ukiitafuta kwenye ramani ya simu huipati. Ukiwa hapa Dar, unashuka basi la mwendokasi kituo cha Manzese Tip Top, unavuka, unawauliza bodaboda jimu ya ngumi iko wapi, watakuonyesha kwa kidole, unaingia uchochoro wa mafundi cherehani, mbele kuna mama anakaanga mihogo, ukianza kusikia kamba zinapiga sakafu ujue umefika. Nimefanya mazoezi pale miezi nane sasa, siku nne kwa wiki, kwa hela yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma kuandika. Naandika kwa sababu pale mahali pamenisaidia jambo ambalo sikwenda kulitafuta, na najua kuna mtu saa hizi limemkaba koo kama lilivyonikaba mimi.

Bei kwanza maana najua ndo mnachosubiri. Elfu mbili kwa siku, elfu thelathini kwa mwezi, wanafunzi elfu ishirini. Hamna hela ya kujiunga wala fomu. Ukikwama mwezi unaongea na mwalimu, mi nilikwama mara moja akaniambia we njoo tu, jasho halisubiri mshahara.

Vifaa ni vya mtaani. Ulingo upo mmoja, mbao chini, juu turubai lenye viraka, kamba zimezungushiwa matambara zisichubue mgongo. Mabegi ya kupiga yapo manne, mawili ya kununua na mawili wamejitengenezea wakajaza nguo za mitumba zilizochakaa, sa hizo nguo zinashuka chini zinashindilia, begi linakuwa juu laini chini gumu kama gogo, ukipiga kule chini bila bandeji nzuri kesho yake hata kalamu hushiki. Kuna matairi ya lori ya kupiga nyundo, kamba za kuruka za kumwaga, na padi za mwalimu, zile anazovaa mikononi uzipige, zimechakaa kweli lakini ukizilenga katikati zinatoa mlio mtamu sana. Glovu za kuazima zipo ila zimepita mikono mingi, harufu yake unaenda nayo mpaka nyumbani, nunua zako Kariakoo, aunsi 12 zinatosha kwa begi, ila kwenye sparing, yaani mnapopanda ulingoni kupigana kwa mazoezi, mwalimu haruhusu chini ya aunsi 16. Na bandeji chukua zile ndefu za mita nne na nusu, fupi hazishiki kifundo cha mkono vizuri.

Kengele yao ni rimu ya gari imening'inizwa. Kijana anaangalia simu, dakika tatu zikiisha anaigonga na nondo, dakika moja ya kupumzika, anagonga tena. Muziki hamna kabisa, mwanzo niliona pamepoa, sasa hivi ndo kitu nakipenda kuliko vyote maana unasikia pumzi yako mwenyewe.

Sasa mwalimu. Huyu mzee ndo jimu yenyewe, anakaribia sitini, alicheza ngumi za ridhaa enzi zake, anaongea taratibu na hajawahi kumtukana mtu mbele yangu. Ukifika unamuamkia, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, hapo hapo anakushika mkono anakagua vidole kimoja kimoja kama daktari. Wiki tatu za kwanza sikugusa begi, niliruka kamba, nikafundishwa kusimama, nikafundishwa jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, basi. Vijana wengi wanaondoka hapo maana wamekuja na hamu ya kugonga, ila nawaambia vumilieni, zile wiki tatu ndo zina thamani yote.

Maana jebu ya yule mzee ina masharti. Mkono uende umenyooka na urudi kwa njia ile ile uliyoendea, mpaka shavuni. Ukiuchelewesha kule mbele hata kidogo anapiga kelele jimu nzima inasikia, "Mkono una kwao! Mkono una kwao!" Siku moja nikamuuliza mwalimu kwani tatizo nini kama ngumi ishafika, akanisimamisha nikiwa nimenyoosha mkono vile vile, akaniambia baki hapo hapo usiurudishe, kisha akapitisha ngumi yake ya kulia juu ya bega langu taratibu mpaka ikanigusa kidevu. Akasema unaona, mkono ulioko ugenini hauwezi kukulinda. Halafu akasema nipige tena jebu bila kuurudisha. Nikajaribu, haiwezekani, mkono ukishanyooka hauna pa kwenda tena mpaka urudi kwanza. Nilisimama pale nimeduwaa, maana sikuwa nafikiria ngumi.

Nilikuwa namfikiria dada mmoja. Tulijuana chuo, mwaka wa kwanza kabisa, na nilimpenda miaka minne. Mi nakaa Kimara yeye Mbagala, kwa wanaoijua Dar watajua hiyo safari, na nilikuwa naenda kumrekebishia kompyuta, kumpelekea madesa, kumsindikiza kwenye usaili wa kazi nikamsubiri nje juani kwa masaa. Mama yake alipozidiwa usiku mi ndo nilitafuta bajaji tukampeleka hospitali, nikalala kwenye benchi siku mbili. Sidai kitu kwa hayo yote, nilifanya kwa moyo, nayasema tu ili mjue mkono wangu ulikuwa umenyooka kiasi gani.

Nikamwambia ukweli wangu siku moja tukiwa kwenye pantoni tunaenda Kigamboni. Alinyamaza mpaka tunashuka upande wa pili, ndo akasema, "Kaka angu, mi nakuona kama ndugu yangu wa damu, sitaki nikudanganye." Naomba hili lieleweke vizuri, yule dada hakunikosea. Hakunila hela, hakunizungusha, aliniambia kweli mapema na kwa heshima. Mimi ndo niliyebaki kule mbele mwaka mzima na nusu baada ya kuambiwa. Nikawa nasema moyoni atabadilika tu, nikizidi kuwepo ataona, akinitumia meseji ya usiku mwema naisoma mara kumi natafuta neno jingine ndani yake.

Akapata mchumba. Likafunguliwa grupu la michango ya harusi, nami nikawekwa, na kwenye kikao cha kwanza cha kamati ndugu zake wakasema huyu kijana mwaminifu, amekaa na familia yetu kwenye shida, awe mhazini. Watu wakapiga makofi, yeye mwenyewe akipiga pia kwa furaha kabisa, na mi nikakubali. Nikawa naandika kwenye daftari ahadi za watu, huyu laki, huyu elfu hamsini, nawakumbusha kila Ijumaa wamalizie, nakusanya shilingi kwa shilingi za kumuoza mtu ninayempenda kwa mwanaume mwingine.

Jioni ya kikao hicho nilikuwa kwenye mwendokasi narudi Kimara, gari limejaa, pumzi zikawa hazinitoshi, nikashuka Manzese bila mpango nikawa natembea tu mpaka nikasikia zile kamba. Ndo nilivyoijua hii jimu.

Ukutani pale karibu na ulingo kuna picha kubwa ya Muhammad Ali, imefifia, kona moja imeliwa na unyevu. Wapo mabingwa wengine pia, vijana wa pale wanampenda sana Mwakinyo na wana haki, maana ile Septemba 2018 alienda Birmingham akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili nyumbani kwao, bondia wa kutoka Tanga, siku ile Tanzania nzima ilisimama. Wazee wa pale watakutajia Titus Simba, medali ya fedha Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970. Lakini mwalimu ni mtu wa Ali, na mi nimeambukizwa. Kabla ya hapo nilimjua kama jina tu. Sasa hivi mapambano yake nimeyaangalia usiku mpaka macho yanauma, na sijawahi kumheshimu mwanamichezo kama ninavyomheshimu yule mtu.

Kwanza mwalimu ni mkweli hata kwa anayempenda. Anasema Ali mtazameni miguu na macho, mikono yake msiiige, maana alikuwa anaishusha kiunoni na anakwepa kwa kurudisha kichwa nyuma, kitu ambacho bondia mwingine akifanya anazimwa. Aliweza kwa sababu ya kasi. Na kasi ilipopungua baada ya kufungiwa, kumbukeni alikataa kwenda jeshini vita ya Vietnam 1967, wakamvua ubingwa, akakaa nje miaka mitatu na nusu ile ya ujana wake mtamu kabisa mpaka Oktoba 1970, aliporudi watu wakaanza kumfikia. Machi 1971 Joe Frazier alimwangusha raundi ya 15 kwa hook, ngumi ya kuzungusha, ya mkono wa kushoto, nimeirudia hiyo sehemu mara nyingi sana, taya limevimba, mwili wote unaenda chini, na kufumba na kufumbua kashasimama tena. Alishindwa kwa pointi usiku ule. Alisimama kwenye pambano ambalo lilishampotea, na hiyo ndo raundi yangu ninayoipenda kuliko zote alizoshinda.

Halafu Kinshasa 1974. George Foreman ana miaka 25, mapambano 40 kashinda yote, 37 kwa nokauti, Ali ana 32 na watu wengi wanaogopa atauawa ulingoni. Akaegemea kamba akamuacha jamaa apige mpaka achoke, raundi ya 8 akamlaza. Mwalimu ananisimamisha video kwenye simu yake anasema angalia hapa, anapigwa lakini macho yako wazi, anaona kila ngumi inayokuja. Mi miaka minne nilipigwa nimefumba macho.

Ila kilichonivunja ni hadithi nyingine kabisa. Siku hiyo mwalimu ananifunga bandeji, mi kimya, sijui alinisoma nini usoni, akaanza tu kusema, unajua Ali alikuja hapa Dar. Sikuwa najua. Akanisimulia, Februari 1980, Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali azunguke Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Kituo cha kwanza Tanzania. Mwalimu alikuwa mtoto wa shule ya msingi, alisikia redioni, anasema watoto mtaani walikuwa wanarukaruka wanacheza ngumi hewani, Ali yuko Dar, Ali yuko Dar! Na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye.

Hebu fikirieni. Yule aliyekuwa maarufu kuliko karibu kila mtu duniani, mtu mweusi aliyepoteza mkanda kwa msimamo wake, anapendwa na kila mtoto wa nchi hii, kaja mpaka mjini kwetu, na mwenye nyumba hakumfungulia mlango. Nyerere alikuwa na sababu zake, jambo la nchi kuletewa na mwanamichezo aliona sio sahihi, na waandishi wa habari nao walimuuliza Ali maswali magumu, mbona 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini Marekani haikusimama nasi, na Ali akakiri kwamba hayo hakuambiwa kabla ya kutumwa. Akapanda ndege akaenda Nairobi, akaendelea na safari yake. Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi akaleta fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha kwenye mita 5000.

Mwalimu akamaliza kufunga, akanipiga kofi dogo juu ya bandeji, akasema, "Hata Ali aligonga hapa Dar asifunguliwe, mwanangu. Na sisi tulikuwa tunampenda." Basi, akaenda kushika padi.

Sikulala usiku ule. Mi siku zote nilikuwa naamini kwamba mtu akikukataa maana yake umepungukiwa kitu, ukiongeza hicho kitu utakubaliwa, kwahiyo nilikuwa naongeza, naongeza. Na kumbe mtu anaweza kuwa Ali kabisa, hajapungukiwa na kitu, na mlango usifunguliwe, kwa sababu mwenye mlango ana sababu zake na ni haki yake. Yule dada hakuwa ameniona nimepungua. Alikuwa na mlango wake tu.

Kesho yake nikampigia, nikamwomba tuonane, tukakaa pale Posta nje ya ofisi yao. Nikampa daftari la michango, hesabu zote zimekaa sawa mpaka shilingi ya mwisho, na nakala ya miamala yote nimeichapisha. Nikamwambia dada angu, kazi hii nimeifanya kwa uaminifu lakini siwezi kuendelea nayo, na sababu unaijua toka siku ile ya pantoni. Mchango wangu huu hapa, laki moja. Harusini sitakuja, na kwa muda sitakuwa napokea simu zako, sina kinyongo na we, nataka tu kurudi kwangu. Akalia kidogo, nami nikalia. Akasema, "Nilikuwa nadhani yaliisha, kaka, nisamehe." Nikamwambia hujakosa. Kweli hakukosa.

Jumamosi ya harusi nilienda jimu. Mwalimu alikuwa hajui ni siku gani, au labda alijua, yule mzee huwezi kumjua, akaniambia leo unapanda ulingoni raundi tatu na dada mmoja wa pale anayejiandaa na mashindano ya ridhaa. Mniamini, yule dada ana mkono wa kushoto mbaya sana. Raundi ya kwanza kaniweka kwenye kamba, nikaanza kumkumbatia, kila akipiga namkumbatia, mtu aliyechoka anakumbatia maana kule karibu kuna usalama wa uongo. Mwalimu akawa anapiga kelele chini ya ulingo, "Achia! Achia!" Nikaachia, nikarudi hatua mbili. "Sasa achia mkono!" Nikaachia jebu, ikamfika, ikarudi. Nikaachia nyingine, ikafika, ikarudi kwao. Nimeongea Kiswahili toka nizaliwe na sikuwahi kugundua kwamba kumuachia mtu na kuachia ngumi ni neno moja. Rimu ilipogongwa ya raundi ya tatu jasho na machozi vilikuwa kitu kimoja na hakuna aliyeniuliza, yule dada akanipa maji yake ya kunywa akasema leo umecheza.

Kwahiyo nikirudi kwenye riviu, kwa wadada pale ni salama, nilihesabu wapo sita wanaokuja mara kwa mara, hakuna anayewasumbua, mwalimu hana mchezo na hilo hata kidogo. Muda ni alfajiri kuanzia saa kumi na moja kwa wanaokimbia, na jioni saa kumi mpaka saa moja hivi. Jioni panajaa, ukitaka kuonwa kwa makini njoo mapema.

Mapungufu yapo na sitayaficha. Choo ni kimoja na hakifungi vizuri, wadada wanalindiana zamu. Bafu hamna, utarudi nyumbani na jasho lako. Miezi ya Januari mpaka Machi lile bati linawaka, nimewahi kuona mtu mzima anazimia, beba maji lita moja na nusu angalau. Umeme ukikatika jioni mazoezi yanaisha maana taa ya akiba hawana. Kofia za sparing zipo mbili tu, moja kamba yake imekatika, na kinga ya meno ununue yako usikubali kupanda ulingoni bila hiyo hata kama wenzio wanapanda. Natamani pia kungekuwa na sanduku la huduma ya kwanza la maana, kwa sasa ni pamba na spiriti na barafu ya mama mmoja jirani anayeuza juisi. Kama kuna mtu anaweza kuchangia hilo sanduku au zile kofia, aende akaongee na mwalimu ana kwa ana, atampokea.

Naipa jimu nyota nne kwa mahali na tano kwa mzee.

Ukienda, vaa kaptula na raba zenye soli nyembamba, zile nene za kukimbilia zinakuyumbisha. Muamkie mwalimu kwanza kabla hujavua begi mgongoni. Atakushika mkono avikague vidole, usiuvute. Na ukitoka mihogo ya yule mama wa uchochoroni kula ikiwa ya moto na chumvi na pilipili, mia tano, mwambie kijana wa Kimara kakutuma atakuongeza kipande.